Sema Jina: Maneno Tunayompa Mwanamke Mwenye Uchungu

Kila mtu aliyekomea Lubumbashi, awe wa Kenya, wa Katuba, wa Kamalondo ao wa Ruashi, anayajua maneno haya mawili. Uchungu umeanza jana magharibi, usiku mzima umepita, jua limetoka, mtoto hatoki. Wamama walio karibu wanaanza kutazamana. Kisha mmoja wao, kwa kawaida yule mwenye miaka mingi, anainama kwenye sikio la mzazi na kumwambia: "Mama, sema jina." Maana yake: taja mwanaume mwingine uliyelala naye wakati mimba ilikuwa tumboni. Ukitaja, njia itafunguka. Ukinyamaza, utakufa na mtoto, na kosa litakuwa lako.

Ninataka kuyapima maneno hayo kama vile mtu anavyopima wimbo ao mchezo wa kuigiza: yanasema nini, yanamfanya nini anayeyasikia, na yanabaki namna gani kichwani mwake wakati vigelegele vimekwisha. Katika vijitabu vya desturi kama hiki tunapenda kusifu. Tunaandika juu ya mapasa, Kyungu na Kabange, na nyimbo zao za matusi ambazo siku ile hata mama mkwe anaruhusiwa kuimba. Tunaandika juu ya pemba nyeupe inayopakwa kwa furaha. Vizuri. Lakini desturi si ngoma na pemba peke yake. Desturi ni pia yale yanayosemwa kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa, na hayo karibu hakuna anayeyaandika.

Wenye kusema Kibemba, na hapa kwetu ni wengi, kuanzia Sakania na Kasenga mpaka ng'ambo ya Luapula, wanaita jambo hili nchila. Waluba, Walunda na wengine wako na maneno yao, na kila kabila liko na namna yake, lakini mzizi hauko mbali: uzinzi wakati wa mimba unaleta hatari juu ya mama na juu ya mtoto. Wacha niseme kwanza lile ambalo wakosoaji wa haraka wanalipita. Sheria ile haikuwa ujinga mtupu. Ilimfunga mume karibu na bibi yake katika miezi ambayo mwanamke anahitaji kulimiwa, kuchotewa maji, kulindwa. Tena wazee walikuwa na macho. Kaswende ambayo haikutibiwa inaua mtoto tumboni, hilo kila munganga analijua leo, na kaswende inaletwa nyumbani na anayetembea nje. Mtu aliyeona mara kumi mwanaume wa kutembea-tembea akizika watoto wachanga alikuwa na sababu ya kutunga sheria.

Na tuangalie vizuri: katika sheria ya zamani mashitaka yaligusa wote wawili. Mwanamke akifa katika kuzaa, ndugu zake walikuja kumwuliza mume, na mume alilipa. Leo, katika lupango la Katuba, nani anamwendea bwana aliyekaa inje na simu mkononi, na kumwambia: "Baba, sema jina"? Sijasikia. Swali limebaki upande mmoja tu. Kwa hiyo wanaosema "ni desturi ya wakambo" wangepaswa kwanza kuileta yote, si nusu yake.

Lakini hata ikiletwa yote, kuna jambo ambalo halibadiliki. Mtoto anakawia kutoka kwa sababu ambazo zinajulikana: nyonga ni ndogo, ao mtoto amelala vibaya, ao nguvu za tumbo zimechoka. Jina la mwanaume halipanui nyonga. Na saa zile zinazotumika kungojea jina ni saa ambazo mwanamke angekuwa njiani kwenda kupasuliwa. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka lenyewe wakati watu wanangojea ungamo. Hapo desturi haileti mawazo tu, inaleta kifo, halafu kifo kile kinakuwa ushahidi kwamba marehemu alikuwa na jambo la kuficha. Ni hukumu isiyoweza kushindwa: ukipona, ni kwa sababu ulitaja, ukikufa, ni kwa sababu ulikataa.

Tumwangalie sasa yule aliyepona, maana kijitabu hiki kinasomwa na walio hai.

Katikati ya maumivu alikuwa na njia tatu. Kama ana jina, alitaje, na ndoa yake iishe kabla hajakata kitovu. Kama hana, anyamaze, na aonekane kichwa ngumu mwenye kuua mtoto wake. Ao atafute jina la uongo, la mwanaume wa kwanza anayepita kichwani, jirani, fundi cherehani, mtu wa kanisa, ili tu waache kumwuliza. Njia hii ya tatu inatumika kuliko tunavyofikiri. Wamama wakubwa wenyewe wanaikubali wakiwa peke yao: "Uchungu inaweza kukusemesha hata jina ya padri." Wanacheka. Lakini jina likishatoka halirudi. Mtoto anazaliwa, anaoshwa, anafungwa kitenge, na macho ya kwanza yanayomwangalia yanatafuta pua yake ni ya nani.

Hapo njo mahali ambapo mawazo yanaanza. Neno mawazo kwa Kiswahili cha vitabu ni fikra tu, nzuri ao mbaya. Kwetu mawazo ni ugonjwa. "Iko na mawazo" maana yake hali, halali, amekonda, anaangalia ukuta. Mama mwenye mawazo baada ya kuzaa anafanya hesabu moja tu kutwa nzima. Uchungu ulikuwa mrefu, basi niko na kosa. Maziwa hayajatoka siku ya pili, basi kifua changu kinakataa mtoto. Mtoto analia usiku, basi anajua. Mtoto ana homa, basi nchila imeanza kufanya kazi yake. Kila kitu kinageuka shahidi, na hakuna shahidi hata mmoja anayekuja upande wake. Ukimwambia kwamba maziwa ya wamama wengi yanakawia mpaka siku ya tatu, anakubali kwa kichwa, na moyoni anarudia hesabu ile ile. Waganga wa akili wanaifahamu sana namna hii ya kufikiri: mtu anachukua jambo dogo na kulifanya hukumu ya maisha yake yote, anasoma moyo wa wengine kama vile ameona ndani, anangojea baya tu. Lakini kitu ambacho vitabu vyao havisemi kwa nguvu ya kutosha ni kwamba mwanamke wa hapa hakuivumbua hesabu ile peke yake. Alifundishwa. Alipewa ikiwa imekwisha kupangwa, kwenye sikio, saa ambayo hakuwa na nguvu ya kuikataa.

Na hatuko peke yetu. Pwani ya Tanzania wako na neno kubemenda: mtoto mchanga akidhoofika, watu wanasema wazazi wamembemenda kwa kulala pamoja mapema ao kwa mmoja wao kutembea nje. Katika Buganda wako na amakiro: mwanamke anachanganyikiwa baada ya kuzaa, anaweza hata kutaka kumla mtoto wake, wanasema, na sababu inayotajwa mara nyingi ni uzinzi wakati wa mimba. Juu ya amakiro hayo liko jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui. Dokta mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, akachunguza wanawake wenye mimba na waliozaa, na mwaka 1979 akaandika juu ya amakiro. Baadaye alirudi Scotland, akalinganisha wanawake wa pande zote mbili, na ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa aliukuta huku na kule. Mwaka 1987, pamoja na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, alitoa orodha ya maswali 10 inayoitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Leo orodha ile njo inayotumika duniani kote kumwuliza mama aliyezaa kama roho yake iko sawa. Kwa hiyo wale wanaosema ugonjwa huu ni wa wazungu, wajue kwamba kipimo chake, kabla ya kufika Edinburgh, kilipitia Uganda.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu tunachanganya mambo. Kuna machozi ya siku ya tatu, ya nne, ya tano, ambayo wamama wengi wanayapata na yanapita yenyewe kabla ya juma mbili. Kuna huzuni nzito, ile ya hesabu niliyoieleza, ambayo inaweza kukaa miezi. OMS inahesabu kwamba katika nchi maskini kiasi inampata mwanamke 1 katika 5 baada ya kuzaa, na wengine wanaipata mimba ikiwa bado tumboni. Na kuna kuchanganyikiwa kabisa, ambako kunapata wanawake 1 ao 2 katika 1,000: hapati usingizi hata kidogo, anasema bila kupumzika, anasikia sauti, anaamini mtoto si mtoto. Huyu ni wa kupeleka hospitali siku ile ile, na akitunzwa anapona. Hapa mjini tuko na kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Bafrère wa Charité, kinachotunza wagonjwa wa akili. Lakini ni wangapi wanaopitishwa kwanza kwenye vyumba vya maombi, wiki mbili, wiki tatu, bila kula, wakiulizwa ni nani aliyewapa bulozi?

Juu ya kanisa sitasema mengi. Kuna wachungaji wanaowaambia wamama waende hospitali na kuomba, na hao nawapigia magoti. Lakini kuna mafundisho mengine yaliyoenea sana hapa mjini, kwamba ulimi unaumba, kwamba ukitamka baya unaliita. Mwanamke mwenye mimba akisema "niko naogopa kukufa," anafungwa kinywa: "Kataa ile neno!" Wanafikiri wanamfukuzia mawazo mabaya. Wanachofanya ni kumwachia mawazo yale na kumnyang'anya maneno. Angalieni ajabu: chumba kimoja kinamlazimisha aseme ambacho pengine hakipo, chumba kingine kinamkataza kusema kilichopo.

Sehemu moja tu imebaki ambamo mama anaruhusiwa kusema: jina la mtoto. Pitia darasa lolote kuanzia hapa mpaka Bukavu, utakuta Mateso, Shida, Taabu, Machozi, Mawazo. Tumezoea mpaka hatusikii tena. Mtoto anaitwa Mawazo, anajibu "niko," na mwalimu anaendelea na hesabu. Mimi kila nikilisikia jina hili ninafikiri juu ya mwanamke aliyekuwa na kitu cha kusema, akakosa wa kumwambia, akakiandika mahali ambapo kitasomwa kila asubuhi kwa miaka mingi. (Watetezi wa majina watasema ni kumbukumbu ya matatizo ya jamaa, ao ni jina la mkambo. Mara nyingi ni kweli. Lakini mkambo naye alilipata wapi?)

Kuna kitabu kimoja ambacho kila mtu anayeandika juu ya desturi za upande huu angepaswa kukisoma, hata kwa kubishana nacho: Chisungu, cha Audrey Richards, kilichotoka mwaka 1956. Mama huyu Mwingereza alikaa kwa Wababemba wa Zambia ya leo, na mwaka 1931 alishuhudia chisungu cha wasichana wawili kilichochukua siku 23. Alichora mbusa, zile sanamu za udongo, akaandika nyimbo, akahesabu kila hatua. Uzuri wa kitabu chake ni kwamba hakudanganywa na neno "kufundisha". Wazee walimwambia kwamba wanafundisha wasichana kulima na kupika. Yeye akaona kwamba wasichana wale walikuwa wanajua kulima na kupika tangu zamani. Kilichotolewa mle ndani hakikuwa ufundi. Kilikuwa namna ya kujiona: tangu leo wewe ni mwanamke, na mambo haya haya ya kila siku yana uzito mwingine. Sijasoma maelezo bora kuliko hayo juu ya kazi ya desturi katika kichwa cha mtu.

Na katikati ya chisungu alisimama nachimbusa. Huyu si mwalimu wa siku moja. Alimpokea msichana, akamwimbia, akamkemea, akambeba. Na mimba ikija, mara nyingi yeye yule alikuwa karibu wakati wa kuzaa. Kwa hiyo mwanamke katika uchungu alikuwa na uso anaoufahamu. Ni kweli kwamba uso ule ungeweza kumwambia aseme jina. Sitaki kuficha hilo. Lakini nachimbusa alikuwa na wajibu juu yake kabla na baada; akimwumiza kwa maneno, kesho yake bado alikuwa wake. Mashitaka yalitoka kwa mtu ambaye hangeweza kuondoka.

Sasa tuingie mjini. Union Minière, tangu mwisho wa miaka ya 1920, iliamua kukaza wafanyakazi wake hapa pamoja na bibi zao, badala ya kuwarudisha mashambani kila mara. Kambi zikajengwa, posho ikatolewa kwa bibi na watoto, na kuzaa kukahamia maternite ya kompani. Dokta Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa ile, hakuficha nia: watoto wa kambi wangekuwa wafanyakazi wa kesho. Watoto walipimwa kilo, wamama walifundishwa kuwaogesha na kuwaachisha ziwa kwa saa. Vifo vya watoto vilipungua, na atakayedharau jambo hilo hajazika mtoto. Lakini katika karatasi zile zote za kilo na posho hapakuwa na mstari wa kuandika mama anawaza nini. Alikuwa chombo kilichotoa mtoto mwenye afya. Na nachimbusa alibaki inje ya ukuta.

Alirudi, ni kweli, lakini amerudi mdogo. Banachimbusa wa Lubumbashi ya leo wanaitwa kwa harusi. Wanamchukua bibi arusi siku chache, wanamfunga kitenge, wanamfundisha namna ya kumpendeza bwana, kuheshimu wakwe, kuficha aibu za nyumba. Wanakula kuku, wanapewa bitenge na bahasha, na kazi inaisha pale ngoma inapoisha. Nimehudhuria karamu nyingi za namna hiyo upande wa wanaume, na wamama wa jamaa wamenieleza yanayosemwa ndani, kadiri wanavyoweza kueleza. Juu ya kitanda: siku mbili. Juu ya mwezi wa kwanza na mtoto mchanga: karibu bure. Akija kuzaa miezi kumi baadaye, yule nachimbusa hajui hata maternite iko avenue gani. Anayesema "sema jina" leo ni shangazi wa bwana, jirani, ao mama wa kitanda cha pembeni, mtu anayetupa neno na kurudi kwake. Tumechukua mashitaka, tumemwacha yule aliyekuwa na wajibu wa kubaki. Na tunaita hii kulinda desturi.

Wapo waliojaribu kurudisha mtu wa kubaki, katika nchi nyingine, na matokeo yao yanastahili kusomwa hapa kwetu. Pakistani, upande wa Rawalpindi, Atif Rahman na wenzake walifundisha wanawake wa afya wa vijiji, ambao hawakuwa waganga wa akili, wawatembelee wamama wenye huzuni tangu mwisho wa mimba mpaka mtoto afike miezi 10. Kazi yao: kumsaidia mama aone wazo linalomwumiza, atafute wazo jingine la kushika mahali pake, halafu ajaribu kuliishi, kidogo kidogo, juu ya afya yake, juu ya mtoto, na juu ya watu wa nyumba. Walitumia picha, kwa sababu wamama wengi hawakusoma. Mtoto akifika miezi 6, katika wamama waliotembelewa hivyo 23% walikuwa bado wagonjwa. Katika wale waliotembelewa tu bila kazi ile, 53%. Hayo yalichapishwa mwaka 2008, na mwaka 2015 OMS ilikitoa kitabu cha mafunzo yale kwa nchi zote. Karibu zaidi na sisi, Harare, Dixon Chibanda aliwaweka wakambo kwenye mabenchi ya mbao karibu na vituo vya afya, wasikilize watu wenye kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi kwa Kishona. Kufungisisa na mawazo yetu ni ndugu wa tumbo moja. Hatua ya kwanza ya wakambo wale inaitwa kufungua akili, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba unafuu ni wa kweli.

Mimi benchi la Harare ninalipenda kuliko kitabu cha Rawalpindi, na sababu ni hii. Ukisema "badilisha wazo baya kwa wazo zuri," unadhani kwamba wazo baya ni la uongo. Mara nyingi ni la uongo: mtoto hakudhoofika kwa jina lisilotajwa. Lakini mwanamke wa Lubumbashi ana mawazo mengine ambayo ni ya kweli kabisa. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika kile kilichoitwa kuondoka kwa kupenda, nyumba nyingi zilipoteza mshahara, na pamoja nao hospitali ya kompani. Bwana alibaki kwenye kiti. Bibi akaenda kuuza makala, mboga, munkoyo. Wajukuu wa siku zile njo wanaozaa leo. Na mwaka 2019 Karen Cowgill na Abel Ntambue walichapisha utafiti juu ya jambo ambalo kila mtu hapa analijua: wamama na watoto wachanga wanaozuiliwa katika hospitali kubwa ya mkoa, hapa hapa Lubumbashi, mpaka deni la kuzaa lilipwe. Mwanamke aliyekaa wiki mbili juu ya kitanda ambacho si chake tena, mtoto mkononi, akiangalia mlango, anawaza: "Niko mzigo kwa watu wangu." Utamwambia ni wazo la kupotoka? Deni lina karatasi na muhuri. Anayemfundisha mama yule kufikiri vizuri bila kuuliza nani atalipa, anamfanyia kazi mwenye ufunguo.

Mkambo wa benchi, yeye, anaanza na shida yenyewe: ni nini kinakusumbua, tuanze na ipi, nani anaweza kusaidia. Anaweza kumsaidia kupanga nani wa kuombwa franka, kanisa, likelemba, kaka. Serikali ilianzisha kuzaa bure Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na mahali inapofika kweli, ile franka peke yake itaondoa mawazo mengi kuliko hotuba zetu. Lakini neno la kwenye sikio haliuzwi kwa franka, na halitaondoka kwa sababu hospitali imekuwa bure.

Neno lile litaondolewa na wale wale walio na haki ya kulisema. OMS mwaka 2018 ilipendekeza kwamba kila mwanamke awe, wakati wa uchungu, na mtu wa kukaa naye aliyemchagua mwenyewe. Fikirini kidogo: pendekezo hili si geni kwetu, ni nachimbusa mwenyewe, amekuja na karatasi ya Genève. Tofauti ni neno moja, "aliyemchagua". Si shangazi wa bwana aliyetumwa kusikiliza jina. Vyama vyetu vya wamama, ambavyo vinajua kukusanya mchele wa matanga kwa saa mbili, vingeweza kuwaambia banachimbusa wa mtaa: bahasha ya harusi itatoka nusu siku ya harusi, na nusu nyingine mtoto akitimiza siku arobaini. Mniruhusu mzaha, lakini si mzaha wote. Pwani walizoea siku hizo arobaini za kumkanda mzazi, kumpikia, kutomwacha peke yake.

Inabaki lugha. Ile orodha ya Edinburgh ina tafsiri za Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha mashariki, safi, na mama wa Kampemba ukimwuliza kama amejilaumu bila sababu atakuangalia kama vile umemwuliza mtihani. Kwetu mtu hajilaumu. Kwetu "roho inaniuma", "kichwa iko nakimbia", "nguvu imenikwisha". Swali la 10 njo gumu kuliko yote, maana linauliza kama mama amewaza kujiumiza mwenyewe. Hapo wengi wa wauguzi wanaliruka, wakiogopa kuliita baya. Muzalishaji mmoja mwenye umri, ambaye sitamtaja, alinieleza namna anavyoliuliza. Anafunga mlango kwanza, anawatoa wakwe. Anamshika mtoto yeye mwenyewe ili mikono ya mama ipumzike. Halafu anasema: "Mama, kuko siku unaonaka ni heri ulale, usiamuke tena?" Na ananyamaza. Anasema wengine wanakaa kimya muda mrefu sana, mpaka mtoto anaanza kulia, na yeye haharakishi, anamtikisa-tikisa tu mtoto pale pale na kungojea jibu.